Isale la Kilo Themanini

Katika vitongoji vyote vya Marangu hakuna majirani walioombewa wavunjikiwe vyombo kama majirani wa Mwalimu Theopista, na mwombaji alikuwa yeye mwenyewe. Kwenye sherehe, trei ya chakula ikipita, wenzake walitazama nyama. Yeye alitazama sahani. Kishindo kikisikika jikoni, watu husema "Yesu na Maria!" na kubaki wameketi. Mwalimu Theopista husimama, hukung'uta sketi yake, na huenda kutoa pole, mkononi ana mfuko.

Asihukumiwe haraka. Kwa miaka thelathini na mmoja alifundisha baiolojia katika shule ya bweni ya wasichana. Kila mwaka alichora ua ubaoni kwa chaki nne za rangi, petali moja baada ya nyingine, na kila mwaka kengele ililia na mwanafunzi wa zamu akalifuta. Inasemekana msichana mmoja aliwahi kukataa kulifuta kwa sababu za dhamira. Akapewa adhabu ya kufyeka, naye akafyeka uwanja mzima kwa utulivu wa mtu anayeteswa kwa ajili ya ukweli. Mwalimu hakumsahau. Siku alipostaafu aliapa kwamba ua lake linalofuata halitafutika kwa dasta, kwa mvua, wala kwa mtaala mpya. Akauza ng'ombe, akasafisha banda, akaligeuza karakana.

Kazi yake ilikuwa na utaratibu kama wa bweni. Kwanza aliukalia mmea mbele yake na kuuchora kwa rangi za maji, ukiwa hai, humohumo kihambani mwake, yaani shamba la nyumbani: mgomba, mbuni, gimbi, hata kile kiua cha mlimani chekundu na njano chenye mkia uliopinda. Alihesabu majani, kwa sababu mmea wenye idadi ya majani ya kubuni, kwa maoni yake, ni sawa na mtu mwenye cheti cha kughushi. Kisha akaukuza mchoro kwa mkaa juu ya bamba la saruji, akakaa chini na ndoo zake za vigae vya sahani, vikombe na mabakuli yaliyookotwa kutoka mahoteli ya Moshi mjini hadi jikoni mwa parokia. Akavikata kwa koleo na kuvipanga kimoja kimoja, akianzia mshipa wa kati wa jani na kwenda nje, kama jani lenyewe linavyokua.

Watu walipita, wakatazama, wakasema, "Nzuri sana, Mwalimu."

Hapo ndipo ugonjwa ulipokuwa. Kila kitu kilikuwa "nzuri sana". Mwaka mmoja alitundika mgomba juu chini kwa makusudi na kumwita Kornel, kiongozi wa wapanda mlima, mtu aliyefika kileleni mara nyingi kuliko mawingu mengine. Kornel alikunja mikono, akainamisha kichwa kwa heshima, akasema, "Nzuri sana."

Mtu mmoja tu duniani hakuwahi kusema nzuri sana, naye alikuwa Bernadetha, Mama Ronald, jirani wa upande wa pili wa uzio. Elimu yake ya sanaa ilianzia na kuishia kwenye vitambaa vya makochi. Lakini kwa miaka arobaini alikuwa akikatia ng'ombe majani, na jani alilijua kama mama mkwe anavyomjua mke wa mwanawe. Kila siku saa nne asubuhi alikuja na chupa ya kahawa aliyoikaanga mwenyewe, akasimama mbele ya kazi, akanywa nusu kikombe, kisha akatoa hukumu.

"Theo, huu mgomba una homa."

"Una homa wapi?"

"Mimi si daktari. Nasema una homa."

Theopista alikasirika mpaka jioni. Kesho yake alfajiri alichukua patasi, akaubomoa mgomba wenye homa, akaupanga upya, na ukapona. Hivyo ndivyo kazi zake zote nzuri zilivyozaliwa: kwa hasira, saa nne asubuhi, na kahawa.

Halafu ikaja habari ya sahani.

Bernadetha alikuwa na sahani sita za kijani. Melkior, mumewe, alizinunua Holili, mpakani na Kenya, mwaka waliofunga ndoa, akazibeba mapajani safari nzima kama anabeba mayai. Kijani chake hakikuwa kijani cha kawaida. Kilikuwa kijani kizito, karibu na weusi, chenye mng'ao wa ndani. Wakati wa ubatizo wa mjukuu wake wa kwanza, Mwalimu Theopista aliziazima zote sita. Akarudisha tano.

"Ya sita iliteleza," alisema.

Bernadetha alimtazama mikono. "Sahani ya kuteleza naijua, Theo. Huvunjika, watu wakaona vipande. Vipande viko wapi?"

Mtu asiye na kosa angejibu. Mtu mwenye kosa dogo angecheka. Mwalimu Theopista, ambaye kwa miaka thelathini na mmoja yeye ndiye aliyeuliza maswali ya aina hiyo, alipanda juu ya kiburi chake na kusema maneno ambayo hata leo yakimjia akiwa anapiga mswaki husimama:

"Makelele yote haya kwa visahani vya mnadani Kwa Sadala!"

Melkior alikuwepo. Aliweka kikombe chake chini, akatoka nje polepole. Bernadetha akakusanya sahani tano, akaondoka. Tangu siku hiyo ilikuwa "Shikamoo" ya watoto wao tu iliyovuka uzio. Miaka miwili ikapita. Saa nne asubuhi ilikuja kila siku, kama inavyostahili, lakini haikuleta chupa ya kahawa.

Uzio wenyewe ulikuwa wa masale. Hapo lazima tusimame kidogo, kwa adabu. Isale ni mmea mrefu, mwembamba, wenye majani kama panga, na Wachagga huupanda mpakani mwa kihamba. Lakini kazi yake kubwa si mpaka. Mtu akikukosea, akakuletea jani la isale lililofungwa fundo, huna ruhusa ya kukataa kumsamehe. Halibishaniwi, halikatiwi rufaa. Tena mkosaji haliwasilishi kwa mkono wake: hutuma mtu mbele, yeye akafuata nyuma, kichwa chini.

Mwalimu Theopista alilijua hili vizuri. Mara tatu katika miaka hiyo miwili alikwenda uzioni na kisu. Mara tatu akasimama, akatazama paa la Bernadetha, akakata jani, na kujieleza kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu, kwamba anachukua sampuli. Ndiyo maana mchoro wake wa isale ulikuwa bora kuliko michoro yake yote. Hakuna mmea aliouchunguza kwa muda mrefu hivyo bila kuutumia.

Basi Kornel akajenga loji ndogo kando ya barabara, akataka mozaiki tatu za langoni: mgomba, mbuni na isale. Mgomba na mbuni vilikamilika mapema, vikapelekwa, vikaitwa nzuri sana. Isale likagoma. Kila kijani alichojaribu kilikuwa cha uongo. Kijani cha chupa za bia kilikuwa na kelele. Kijani cha vigae vya bafuni kilinuka bafu hata kwa macho. Siku nne kabla ya ufunguzi, Theopista alifunga mlango wa karakana, akapanda kiti, akashusha kutoka juu ya boriti kopo la siagi ambalo halikuwa na siagi. Ndani yake mlikuwa na sahani ya sita, vipande thelathini na viwili.

Alivipanga usiku na mchana kwenye jani la kati. Likasimama. Likang'aa. Lilikuwa jani la kweli kabisa, na lilikuwa limeibwa.

Vipande viliisha kabla ya jani la kushoto, akalimalizia kwa vigae vya bafuni. Hakulipenda, lakini hapakuwa na mtu wa kumwambia kwa nini.

Jumamosi mchana Kornel alikuja na wapagazi wanne wa mlimani. Bamba lilipimwa: kilo themanini.

"Ishirini kwa kila mmoja," alisema Lucky, mpagazi mwenye maneno mengi kuliko misuli. "Hiyo ndiyo sheria ya mlima, Mwalimu. Hatuzidishi."

"Huu si mlima, ni njia ya kwenda barabarani."

"Tope ni lilelile."

Walilifunga kwa kamba ya mgomba, wakaweka fundo kubwa katikati ili lisiteleze, wakaliinua. Kornel akatangulia. Mwalimu Theopista alifuata nyuma katika gauni lake la Jumapili, kwani Padre huenda angekuwepo, na leso puani, kwani vumbi la saruji lilikuwa limempa mafua. Alitembea kichwa chini. Alikuwa anatazama miguu ya wapagazi kwenye utelezi, na moyoni alikuwa na sala moja tu: kwamba wapite lango la Bernadetha haraka, na Bernadetha awe yuko bombani, au kwa dada yake, au amelala.

Njia ilikuwa moja, nayo ilipita mbele ya lango la Bernadetha. Na hapo hasa, si hatua moja kabla wala hatua moja baada, Lucky alisema, "Tupumzike."

"Si hapa!" alinong'ona Mwalimu.

"Mlimani tunapumzika mwili ukisema."

Wakalitua. Walilisimamisha kwa uangalifu mkubwa, likiwa limeegemea nguzo ya lango la Bernadetha, uso ukitazama nyumbani kwake.

Bernadetha alikuwa anatoka bandani na mzigo wa majani kichwani. Aliona isale refu kuliko mtoto wa darasa la nne, lina fundo, limeletwa langoni pake na wanaume watano. Nyuma yao aliona mkosaji katika gauni la Jumapili, kichwa chini, leso usoni. Mzigo ukashuka wenyewe.

"Melkior," aliita. "Njoo. Isale limekuja."

Melkior alitoka jikoni na kikombe, akatazama. "Hili hata wa Holili wameliona," alisema.

Wanawake wa jumuiya walikuwa wanatoka kwenye sala, vitabu mkononi. Wakasimama. Mmoja wao, Mama Magreth, ambaye hajawahi kuona jambo akasubiri alielewe, alipiga kigelegele, na wenzake wakampokea.

"Miaka miwili nimengoja jani moja," alisema Bernadetha, akijifuta mikono kwenye kanga. "Nimeletewa ukuta."

Akasogea. Akaligusa jani la kati kwa kidole. Kidole kikasimama.

"Melkior. Tazama rangi."

Melkior akainama. "Ni ya Holili," alisema polepole. "Ni ile ya sita."

"Ameirudisha." Bernadetha akaanza kulia, bila kujificha. "Ameirudisha nyumbani ikiwa isale. Jamani, Theo!"

Theo. Miaka miwili hakuna aliyemwita Theo. Mwalimu alijua kwamba kila kitu sasa kilikuwa rahisi. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza. Jibu lilikuwa limeshaandikwa, tena kwa mwandiko mzuri. Yeye aandike tu jina juu ya karatasi.

Lakini kuandika jina lako juu ya majibu ya mtu mwingine kunaitwa udanganyifu katika mtihani, na Mwalimu Theopista alikuwa amewafukuzisha shule wasichana saba kwa kosa hilo.

"Bernadetha," alisema, akaondoa leso. "Ngoja. Sikuja kuomba msamaha."

Kigelegele kilikatika katikati, kama kuku aliyekumbuka jambo.

"Nilikuwa napita. Napeleka kwa Kornel. Hawa vijana walichoka."

"Kilo ishirini kila mmoja," Lucky alifafanua.

Kornel akafumba macho. Ufunguzi ulikuwa kesho.

"Unapita," alisema Bernadetha.

"Ndiyo."

"Na sahani yangu."

"Ndiyo."

"Imo ndani ya isale."

"Ndiyo."

"Basi, Mwalimu, pita." Akaupachika mzigo wake kichwani tena, akageuka.

Neno "Mwalimu" halijawahi kumuuma hivyo mtu aliyefanya kazi miaka mingi ili aitwe hivyo. Theopista aliutazama mgongo wa rafiki yake ukienda, hatua moja, hatua mbili, na akaona kwamba hatua ya kumi mlango utafungwa, na saa nne asubuhi haitarudi tena mpaka kaburini. Akakimbia. Alikimbia kwa gauni la Jumapili hadi uzioni, akachuma jani la isale, akaanza kulifunga. Vidole vilivyoweza kukipandikiza kigae kidogo kama dengu vilishindwa fundo mara mbili. Mara ya tatu likakaza.

"Kornel!"

"Naam, Mwalimu."

"Peleka."

"Kwa nani?"

"Kwa yule pale."

"Mwalimu, yuko hatua nne."

"Mila haikutaja hatua."

Kornel alilipokea jani kwa mikono miwili. Alinyoosha shati, akazitembea zile hatua nne kwa uso wa mtu anayewafikisha wageni kileleni.

"Mama Ronald, nimetumwa."

Bernadetha alisimama bila kugeuka. "Na nani?"

"Na… yule pale."

"Anasemaje?"

Kornel akarudi hatua nne. "Anauliza unasemaje."

"Mwambie sahani haikuteleza."

Hatua nne. "Anasema sahani haikuteleza."

"Ilifanyaje?"

Hatua nne. "Anauliza ilifanyaje."

"Mwambie niliiachia." Mwalimu alivuta pumzi. "Nilikuwa naiosha. Jua likaipiga, nikaona humo mgongo wa jani la isale, ule wa asubuhi. Nikaiachia. Na mwambie kabla ya kuiachia niliangalia kwanza huku na huku kama kuna mtu."

"Yote niseme?"

"Hasa hilo la kuangalia."

Kornel alisema yote. Mabega ya Bernadetha yalitikisika mara moja. Ilikuwa vigumu kujua kwa nini.

"Na baba Ronald," alisema Theopista, sasa akimruka mjumbe wake kabisa. "Baba Ronald, yale ya mnadani Kwa Sadala nilisema kwa sababu nilikuwa nimekamatwa. Sijawahi kushika sahani nzuri kama zile. Mtu haibi kibaya."

Melkior alikunywa kidogo. "Zilikuwa ghali," alisema, na uso wake ukalainika. "Nilizibeba mapajani."

Bernadetha alipogeuka, machozi yalikuwepo, lakini chini yake palikuwa na kitu kingine kinachojitahidi kutoka.

"Hili isale umelichuma wapi?"

"Uzioni."

"Upande gani?"

Theopista akatazama. "Wako."

"Kwa hiyo umeniibia mara ya pili ili uniombe msamaha wa mara ya kwanza!"

"Langu lilikuwa mbali."

"Liko upande wa pili wa uzio uleule, Theo!"

Na hapo kikatoka: kicheko kikubwa, cha kushika kiuno, kilichomfanya ng'ombe bandani ajibu. Alilichukua jani kutoka kwa Kornel, akalichomeka kwenye kilemba chake kama jemadari, akasema kwa sauti ya kusikika na jumuiya nzima, "Isale halikataliwi. Limepokelewa." Mama Magreth, aliyekuwa ameshikilia kigelegele muda wote huo kwa mateso makubwa, akakiachilia.

"Aika, mae," alishukuru Theopista kwa Kichagga.

Melkior akaleta mbege, pombe ya ndizi. Kata ikazunguka kwa wakubwa, ikawafikia wapagazi, ambao walithibitisha kwamba mlimani hawapumziki hivi. Bernadetha alishika kata yake, akasimama mbele ya bamba, akanywa nusu. Kisha akalitazama kwa namna ambayo Theopista aliifahamu hata kwenye nywele.

"Lakini hili jani la kushoto," alisema Bernadetha.

"Limefanya nini?"

"Limelala kama mlevi wa Krismasi."

"Halijalala! Limeinama!"

"Isale haliinami. Hata likikauka linasimama. Hili ni la bafuni."

"Mimi naona ni nzuri sana," alisema Kornel.

"Nyamaza, Kornel!" walisema wote wawili.

Mwalimu Theopista alikuwa amekasirika. Alikasirika kuanzia kisigino hadi kilemba, hasira safi, tamu, ya saa nne asubuhi, na ilimbidi akae juu ya mzigo wa majani kwa furaha. Lililala kweli! Sasa aliona. Kijani kilikuwa chepesi mno, jani halikuwa na uzito wa kusimama.

"Saruji haijakomaa," alisema. "Naweza kulibandua kwa patasi leo hii. Lakini kijani kimekwisha."

"Ufunguzi ni kesho," Kornel alisema. "Padre anakuja kubariki."

"Padre ana miguu," alisema Bernadetha. "Atabariki hapa."

Akaingia ndani. Kabati likasikika likifunguka. Alipotoka alikuwa na sahani moja ya kijani mikononi, ameishika kama inavyoshikwa kila siku, kwa vidole kumi. Akasimama juu ya jiwe la kizingiti.

"Mama Ronald," alisema Melkior taratibu. "Tulizo nazo ni tano."

"Sisi ni wangapi mezani?"

Melkior akahesabu moyoni: yeye, mkewe, Ronald akija Krismasi. Akamtazama Theopista. "Wanne," alisema.

Bernadetha alitikisa kichwa kukubali. Kisha akaangalia kulia, akaangalia kushoto, kama kuna mtu. Walikuwepo wanajumuiya kumi na mmoja, wapagazi wanne, Kornel, Melkior na Mwalimu mstaafu wa baiolojia, wote wametoa macho.

"Lo," alisema Bernadetha. "Imeteleza."

Kishindo kilisikika mpaka njiani. Mwalimu Theopista alisimama, akakung'uta gauni lake, akaenda kutoa pole, mkononi ana mfuko.